Njia za kukimbia Arusha: ya baba na ya binti

Tangu nilipoandika hapa kuhusu presha yangu, wasomaji kadhaa wameniuliza mtu mzima anayetaka kuanza kukimbia Arusha apite wapi. Jibu nilikuwa nalo. Orodha ilikuwa kichwani, na namba moja haikuwa na ubishi. Kisha likizo ya Juni ikafika, binti yetu wa kidato cha tatu akarudi kutoka bweni, na orodha ikaharibika.

Nianze na hiyo namba moja. Sisi tunakaa Kijenge. Saa 12 kasoro asubuhi natoka, navuka barabara kuu kwenye mataa ya Sanawari kabla vifodi havijaanza kugombania abiria, nashika njia ya kupanda Sekei. Hapo hakuna ujanja, ni kupanda tu. Nyumba za ukuta zinapungua, migomba inaongezeka, na baada ya nusu saa uko kwenye mashamba ya Waarusha: kahawa chini ya migomba, maharage pembeni, moshi wa jikoni ukitoka kwenye mapaa. Watoto wanaokwenda shule wanakupa shikamoo hata kama pumzi ya kuwaitikia huna. Ukinyanyua macho, Mlima Meru huo, zaidi ya mita 4,500, umesimama kama umetoka nyuma ya nyumba ya mtu. Miezi hii ya baridi ukungu unaweza kuuficha siku nzima, lakini ukibahatika kuukuta wazi jua linapoupiga, unasahau daktari alisema nini.

Mgeni ajihadhari. Jiji lenyewe liko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na hapo hujaanza kupanda. Shemeji yangu wa Dar, mtu wa mazoezi kila Jumapili ufukweni, alifika Sanawari akaketi kwenye jiwe akasema anahisi malaria. Ilikuwa hewa tu. Mwenye presha kama mimi atembee kwanza wiki mbili tatu, na amuone daktari kabla ya kuvaa raba.

Namba mbili yangu ilikuwa barabara ya mchepuo, ile tunayoiita bypass, inayozunguka jiji kwa kusini. Ina urefu wa kilomita 42.4, yaani ukiimaliza yote umepita marathoni kwa mita mia mbili hivi. Sijawahi kuimaliza na sitarajii. Nakimbia kipande, siku ninayotaka tambarare, huku Meru nikiwa nao kwa mbali. Kimbia upande wa kulia ili uyaone magari yanayokuja. Malori ya pale hayana habari na mtu. Kuna pia kilima cha Suye, kifupi na kikali. Hicho nawaachia vijana wenye magoti.

Ya Njiro niliiweka mwisho, na niliiweka kwa shingo upande. Unatoka kipilefti cha Impala, unashuka na lami hadi viwanja vya Nanenane, unarudi. Magari, vumbi, mageti, mbwa wanaobweka nyuma ya mageti. Mlima uko mgongoni wakati wa kwenda, na wakati wa kurudi unachoka kiasi cha kutoutazama.

Binti alianza kukimbia nami akiwa darasa la saba. Sasa ananiacha. Anataka mwakani aingie timu ya mkoa ya UMISSETA, mita 1,500, na mazoezi ya likizo ameyapanga mwenyewe kwenye daftari. Mimi kwa umbali huo namtajia Filbert Bayi, aliyeweka rekodi ya dunia kule Christchurch mwaka 1974 akiongoza tangu mwanzo. Yeye anamtaja Magdalena Shauri, wa tatu Berlin mwaka 2023 kwa saa 2:18:41. Tunaelewana hivyo hivyo, kila mtu na mtu wake.

Mwaka huu goti langu la kushoto limegoma. Nikamwambia, basi wewe nenda peke yako, pita Sekei, njia unaijua. Akasema sawa baba. Siku ya tatu nikagundua kwamba haendi Sekei. Anakwenda Njiro.

Nikadhani ni uvivu wa kupanda. Nikamtania mbele ya mama yake mezani, na mama yake akaweka kijiko chini. "Kwani hajakwambia?"

Hakuwa ameniambia. Likizo ya Desemba, asubuhi moja nilipokuwa safarini, alipanda Sekei mwenyewe. Bodaboda mmoja alipunguza mwendo akawa sambamba naye, anamwomba namba ya simu, anamsifia miguu. Alipoongeza mbio, pikipiki nayo ikaongeza. Palikuwa na migomba kulia na kushoto na nyumba ya karibu haionekani. Mwishowe walitokea akina mama wawili wenye ndoo kichwani, akajifanya anawafahamu, akatembea nao hadi barabarani. Tangu siku hiyo hajapanda bila mimi.

Nikamuuliza kwa nini alinificha jambo kama hilo. "Ungenizuia kukimbia, baba."

Ningependa kuandika kwamba alikosea. Neno la kwanza lililonijia mdomoni, na mama yake alikuwa akinitazama, lilikuwa hilo hilo.

"Wewe ukikimbia unaangalia mlima," mama yake akasema. "Mwenzio anaangalia nani yuko nyuma."

Kesho yake nikamwomba nimfuate hiyo Njiro yake, yeye akikimbia taratibu, mimi kwa baiskeli ya kuazima. Hatoki kabla ya saa 12:30, kumeshapambazuka. Mama wa chapati karibu na kipilefti anakuwa tayari amewasha jiko. Akamwita kwa jina, akamuuliza mbona leo kachelewa. Mbele kuna wafagiaji wa barabara, kisha mlinzi mzee anayekunywa chai nje ya geti lake, huyo alimpokea shikamoo yake, kisha akanitazama mimi na baiskeli yangu kwa jicho baya hadi binti aliposema, "Ni baba." Kituo baada ya kituo kuna wanafunzi wanaosubiri magari. Nilihesabu watu kumi na mmoja waliosalimiana naye kwenda na kurudi. Kabla ya kufika Nanenane kuna kipande ambacho asubuhi hakina watu. Hakifiki. Anageuka kwenye duka lenye rangi ya bluu, na ili atimize umbali anarudia njia mara mbili.

Nimeishi mji huu miaka ishirini na mbili na nilikuwa sijui duka hilo lipo.

Kwa hiyo tumekubaliana, baada ya mvutano ambao sitausimulia wote. Siku za kazi anakwenda Njiro peke yake, akiwa na simu. Nilitaka apige akifika dukani. Alikataa, akasema akisimama kupiga anaharibu muda wake. Atapiga akirudi kwa mama wa chapati. Sekei ni Jumamosi, na si peke yake. Yule wa pikipiki hatukumjua, lakini nimekwenda kijiweni pale juu nikazungumza na mwenyekiti wao, mzee mwenye mabinti naye. Alisikiliza. Hakuahidi kitu zaidi ya kusema na vijana wake.

Walioniuliza mnaweza kuona nilivyokwama. Mwanamume mwenye magoti mazima, apande Sekei. Ukinitajia mkeo au bintiyo, nitakuuliza kwanza anapita saa ngapi na nani anamfahamu njiani.

Jumamosi iliyopita mama yake alivaa raba zangu zenye soksi mbili ndani, tukapanda watatu, mimi nikichechemea. Binti alitangulia, akawa anatusubiri kila kona. Karibu na mashamba ya kahawa ukungu ukafunguka na Meru wote ukatoka. Mama yake akasimama, mikono kiunoni, akahema kwa muda mrefu.

"Hii," akaniambia, "ndiyo umekuwa ukiifaidi peke yako?"