NANI AMLIPIE MGONJWA?

Wapo watu miongoni mwetu wanaopenda kutuambia kwamba hospitali njema ni ya kulipia, na kwamba cha bure hakina thamani. Tunawajibu: hospitali ya bure haipo popote duniani. Dawa hununuliwa na daktari hula mshahara. Swali ni moja tu: nani alipe, na alipe lini?

Waingereza, tangu Julai 5, 1948, hulipa kwa kodi; mgonjwa akifika hospitali hadaiwi. Bei yake ni foleni: mwaka 2023 orodha ya matibabu yaliyokuwa yakingojewa ilipita milioni 7. Wajerumani, tangu 1883, wana mifuko ya bima. Mfanyakazi hutoa na tajiri wake hutoa. Bei yake ni makato makubwa ya mshahara, tena mwenye kipato kikubwa huruhusiwa kujitoa katika mfuko wa wengi. Wamarekani hutumia fedha nyingi kwa matibabu kuliko taifa lolote, na wana madaktari hodari; hata hivyo mwaka 2023 watu zaidi ya milioni 25 huko hawakuwa na bima yoyote. Na huko ndiko tunakovutwa!

Foleni ni mbaya, na wapo wanaokufa wakingoja. Lakini foleni hupunguzwa kwa kuongeza madaktari na vitanda. Umaskini wa mgonjwa haupungui kwa kumdai.

Sisi Watanzania tumejaribu njia mbili. Baada ya 1967 Serikali ilibeba mzigo, lakini hazina ikapungua na dawa zikakosekana. Mwaka 1993 uchangiaji ukaanza, na mzigo ukamwangukia mgonjwa mwenyewe, siku ile ile asiyoweza kulima wala kuuza.

Mwaka 2023 Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote. Ni njema, ila ina mtihani. Mkulima wa pamba hana mshahara wa kukatwa. Na mzima akikaa nje hadi augue, mfuko utafilisika.

Kwa hiyo tunasema wazi: chungu kiwe kimoja. Tajiri asiwe na chake pembeni. Mwenye nacho atoe kwa kadiri ya kipato chake angali mzima, na asiye nacho alipiwe na Serikali.

Ndugu wananchi, waulizeni wajumbe wenu: fukara analipiwa kwa fedha ipi? Msikubali jibu la maneno matupu. Haba na haba hujaza kibaba, lakini kibaba kiwe cha wote!