Daraja la kwanza la Munisagara na mlango wa Muhimbili

Kila matokeo ya kidato cha sita yakitoka, wimbo ni uleule. Viongozi wa chama tawala wanapanda jukwaani na asilimia zao. Mwaka 2024 waliofaulu walizidi asilimia 99. Sawa makamanda, wadogo zetu tuwapongeze, kazi wameifanya. Ila mzazi wa Munisagara haulizi asilimia. Anauliza hivi: binti yangu kasoma PCB, anataka udaktari pale Muhimbili, ataingia?

Tupige hesabu. Tuseme binti kapata C tatu. Kijijini ni pilau na vigelegele, maana kwa hesabu ya NECTA hiyo ni daraja la kwanza, pointi 9. Hapo ndipo wengi wanapopotea. NECTA wanahesabu A kuwa 1, kwa hiyo pointi chache ndiyo bora, na 9 ndiyo mkiani kabisa mwa daraja la kwanza. Ukifika kwenye udahili wa vyuo hesabu inageuka: A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2. Binti anabaki na 9 ileile, safari hii kati ya 15.

Sasa mzazi anafungua mwongozo wa TCU, anakuta udaktari wa binadamu unataka angalau pointi 6, yaani D tatu. Anashusha pumzi, mwanangu kavuka! Hajavuka, mzee wangu. Ile 6 ni ruhusa ya kupanga foleni tu. Chuo kinaanza na wenye 15, 14, 13, kinashuka hadi nafasi ziishe, na Muhimbili kila mwenye PCB nchi hii anapatamani. Kwa C tatu, tusidanganyane, nafasi yake pale ni finyu sana.

Na si kwamba binti hana akili. Foleni hii ilipangwa zamani. Mwaka 2023, kati ya watahiniwa wa kidato cha nne, waliofaulu Hisabati walikuwa kama robo tu. Robo! Ukikosa mwalimu wa Fizikia miaka minne, ukasoma titresheni ubaoni bila kushika byureti, unaingia kidato cha tano ukiwa tayari nyuma ya mtoto aliyetoka seminari. Mkoa wetu huuhuu una Mzumbe na Kilakala, shule za serikali za vipaji maalumu. Zipo, zinafundisha, tunazijua. Kwa hiyo serikali inajua shule nzuri inavyokuwa, ila imeamua ziwe chache.

Watasema ada ya kidato cha tano na sita imefutwa tangu 2022. Kweli, na tunaikubali. Lakini kufuta ada hakuleti mwalimu wa Fizikia. Watasema pia kuna Samia Scholarship. Ile inakwenda kwa waliopata alama za juu kabisa za sayansi, kwa hiyo aliyebahatika shule anabahatika tena. Treni ya umeme nayo imeanza kupita Kilosa mwaka 2024, hongereni. Inapita.

Sisi vijana tunadai jambo moja lisilohitaji hata bajeti. Mwongozo unaonyesha sifa za chini na idadi ya nafasi za kila programu. Uongezwe mstari mmoja: aliyechaguliwa wa mwisho mwaka jana alikuwa na pointi ngapi. Tangu 2017 maombi yanapelekwa chuo kimoja kimoja, na kila chuo kina ada yake ya maombi. Bila huo mstari, mtoto wa mkulima anabeti kama wale wa mkeka, tofauti ni kwamba hapa wanaokula hela ni vyuo.

Kwa mwaka huu, binti afanye nini? Muhimbili aombe kama roho inataka, lakini asiweke mayai yote hapo. Aombe udaktari na vyuo vingine, aombe uuguzi, maabara, famasi, aitazame na SUA hapo Morogoro kwa udaktari wa mifugo. Asisubiri awamu ya tatu, kule ni makombo. Akichaguliwa vyuo viwili athibitishe kimoja kabla dirisha halijafungwa.

Halafu mkopo. Vyuo binafsi vinaweza kumchukua, ila ada ni mamilioni kila mwaka, kwa hiyo bila HESLB hakuna safari. Cheti cha kuzaliwa kihakikiwe RITA, fomu ipigwe muhuri na serikali ya kijiji, kisha ipite kwa wakili au hakimu. Wakili hayupo Munisagara, kwa hiyo ni nauli ya Kilosa mjini, na ukikosea karatasi moja ni nauli mara mbili.

Mikumi ilimpeleka Profesa Jay bungeni mwaka 2015, kwa hiyo wilaya hii inajua kujipanga. Kila tawi la Kilosa na Mikumi limtafute kamanda mmoja mwenye simu nzuri na bando, awaorodheshe waliomaliza kidato cha sita, akae nao fomu kwa fomu. Aanze na ya mkopo, ndiyo inayokula muda.