Mpiga Ngoma Akifa, Ngoma Isizikwe Naye



Wapendwa, mpiga ngoma anapofariki katika vijiji vyetu vya Mtwara, tunajua kumzika kwa heshima. Tunachanga, tunakesha, tunaiombea roho yake. Lakini matanga yakishaanuliwa, ngoma zake huenda wapi? Mara nyingi hubaki pembeni zikiliwa na mchwa, na mapigo aliyoyajua yeye hupotea. Kwa maoni yangu, hapo tunamzika rafiki mara ya pili.

Tumtazame mzee Hukwe Zawose. Hakuwa mwenyeji wa kusini. Alikuwa Mgogo wa Dodoma. Katika miaka ya 1960 Mwalimu Nyerere alimwita Dar es Salaam, na baadaye akafundisha katika Chuo cha Sanaa Bagamoyo. Zeze, marimba na sauti yake vilimfikisha Ulaya, na albamu zake Chibite (1996) na Assembly (2002) zilitolewa Uingereza. Alifariki Bagamoyo tarehe 30 Desemba 2003. Mwaka 2004 akamfuata Charles Zawose, ndugu yake na mwenzake wa jukwaani.

Ungedhani nyumba ile ingenyamaza. La hasha! Mzee alikuwa ameurithisha muziki wake kwa jamaa zake. Mwaka 2024 binti yake Pendo na mjukuu wake Leah, wajiitao Zawose Queens, walitoa albamu iitwayo Maisha. Wanawake ambao kwa desturi waliimba nyuma ya wanaume sasa ndio wanaoongoza.

Yoshua bin Sira, katika sura ya 44, anapowasifu watu mashuhuri anawataja pia watungaji wa nyimbo. Sura hiyohiyo inakiri kwamba wapo waliokufa bila kuacha kumbukumbu. Tofauti ya makundi hayo mawili, kwa mpiga ngoma, mara nyingi ni mwanafunzi mmoja tu.

Wapo wanaosita, wakidhani ngoma za jadi hazimfai Mkristo. Wakumbuke kwamba Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake ya Liturujia ya mwaka 1963, uliagiza muziki wa jadi wa mataifa upewe heshima na nafasi inayostahili. Tena, si kila wimbo lazima uingie kanisani ndipo ustahili kuhifadhiwa. Upo wa mavuno, upo wa harusi, upo wa kumbembeleza mtoto.

Basi, mzee anayejua ngoma akiwa bado hai, mpelekeeni mjukuu akae karibu naye, wa kike kwa wa kiume. Kumrekodi kwa simu ni vema, lakini simu huhifadhi sauti. Mkono hufundishwa na mkono. Walimu wa kwaya nao wasione haya kuketi miguuni pake.

Misa ya kumwombea marehemu ni haki yake. Mwanafunzi wa kumrithi ni haki yake pia, na huyo hapatikani siku ya mazishi.

Nawatakia Dominika njema.