Asahauye maagizo ya daktari huenda si mkaidi

MGONJWA wa skizofrenia hutoka kliniki akiwa ameelezwa kwa mdomo dawa ya asubuhi, ya jioni na siku ya kurudi. Aghalabu, nusu ya maelezo hayo humpotea njiani. Jamaa humwita mkaidi.

Hukumu hiyo si ya haki. Udhaifu wa kukumbuka maneno ni miongoni mwa athari kubwa za maradhi haya, ambayo kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani (WHO) humpata takriban mtu 1 kati ya 300. Katika jaribio moja mashuhuri mtu husomewa orodha ya maneno 16 mara 5, naye huyarudia kila mara. Wengi hugundua upesi kwamba yamo matunda, mavazi na vifaa, wakayapanga kwa makundi. Mgonjwa aghalabu hayapangi, hivyo hujifunza machache.

Dawa hutuliza sauti asikiazo, ila haziirejeshi kumbukumbu. Tena benzhexol, inayotolewa kupunguza mtetemeko na ukakamavu uletwao na dawa hizo, yaweza kuzidisha usahaulifu.

Mwaka 1996 mtafiti Mmarekani Michael Green alionyesha kuwa kumbukumbu ya maneno, kuliko hizo sauti, ndiyo ihusianayo na uwezo wa mgonjwa kujifunza stadi na kujitegemea. Yamkini basi maagizo mafupi, yaliyoandikwa na kurudiwa mbele ya jamaa, yangewaokoa wengi. Yanahitaji dakika chache tu, ambazo kliniki yenye foleni ndefu haimpi mtu.