Alicheka Kwenye Video, Kwa Hivyo Si Mgonjwa?

Wiki hii mitandao ya Nairobi imepata kitoweo kipya. Mchekeshaji mmoja wa kike, yule aliyekuwa kila mahali miaka michache iliyopita halafu akapotea kama stima wakati wa mvua, ameonekana hospitalini akiomba kupimwa ili apate kadi ya watu wenye ulemavu. Jina lake halitaandikwa hapa. Wanaomjua wanamjua, na wasiomjua hawakosi kitu.

Habari yenyewe ilitokana na picha moja. Mtu alimwona kwenye benchi la hospitali ya serikali, ameshika fomu, akampiga picha bila hata kumsalimia, akaposti. Kabla ya jioni wasee wa mtandao walikuwa wamefukua kila kitu. Wakarudi na video ya harusi ya binamu yake ambapo anacheza, anacheka na kumvuta bwana harusi katikati ya ukumbi. Basi kesi ikaisha hapo hapo. Mmoja akauliza huyu ni mlemavu wa nini. Mwingine akasema ni kiki. Wa tatu, ambaye alipata mioyo mingi kuliko wote, akaandika ati walemavu wa kweli wako barabarani kwenye jua na huyu anataka tu kukwepa kodi.

Watu wa karibu naye wanasema ana ugonjwa wa bipola. Kwa asiyeujua, ni ule unaompandisha mtu wiki nzima au zaidi, halali, anaongea haraka, ana mipango mia na anatumia pesa ambazo hana. Kisha unamwangusha chini hadi kutoka kitandani akaoge kunakuwa kama kupanda Mlima Kenya. Katikati ya hayo mawili kuna siku za kawaida kabisa. Siku hizo mtu anaenda harusi. Anacheza. Mtu akipiga video siku hiyo, video haisemi uongo, ila inasema ukweli wa Jumamosi moja tu.

Sasa kuhusu hiyo kadi, kwa sababu wengi waliocheka hawajui hata ni kadi ya nini. Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 260, inapoeleza maana ya ulemavu inataja wa mwili, wa hisi, wa akili na wa kisaikolojia, pamoja na ugonjwa wenye athari kubwa au ya muda mrefu kwa uwezo wa mtu kufanya shughuli zake za kila siku. Hata sheria ya watu wenye ulemavu ya 2003 ilikuwa imeshataja akili. Yaani hili si jambo lililoletwa juzi na vijana wa mtandaoni. Mtu anapimwa na madaktari wa hospitali ya serikali, wanajaza na kutia sahihi, kisha Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu ndilo linalomsajili. Hakuna mahali penye kisanduku cha kuweka alama kwamba mwombaji hajawahi kucheza harusini.

Na hiyo kodi anayokwepa ni ipi? Hapa ndipo umbea unapochekesha kuliko vichekesho vyake. Aliyesajiliwa na baraza anaweza kuomba msamaha wa kodi ya mapato kwa shilingi 150,000 za kwanza za kila mwezi. Kadi peke yake haitoshi, lazima apeleke maombi mengine KRA apewe cheti. Ukiwa na mshahara mnono, huo ni msaada mkubwa. Lakini huyu dada hana mshahara. Analipwa shoo kwa shoo, na mwaka jana, kwa maneno ya mtu aliyekuwa akimtafutia kazi, shoo zake zingehesabika kwa vidole na vingine vingebaki. Anakwepa kodi ya nini? Ya sifuri?

Upande mwingine kuna pesa za Inua Jamii, shilingi 2,000 kwa mwezi, zinazokwenda kwa nyumba zenye mtu mwenye ulemavu mkali, yule asiyeweza kuachwa peke yake bila mtu wa kumhudumia. Hapo pia hafiki, na hata angefika, mitaa mingi ya Nairobi hiyo pesa hailipi chumba kimoja.

Hili ndilo lililostahili kelele. Msamaha wa kodi unamfaa mwenye kazi ya kudumu. Elfu mbili zinamfikia aliyelala kabisa. Mtu anayefanya kazi miezi mitatu vizuri, anaanguka miwili, anarudi na kukuta nafasi yake imepewa mwingine, huyo mfumo haumwoni. Bipola iko hapo hapo katikati. Sonona nzito iko hapo. Watu wengi wenye magonjwa ya akili hawalali kitandani mwaka mzima na hawafanyi kazi mwaka mzima, lakini kwa serikali ni kama mtu lazima achague upande mmoja akae huko.

Kwa nini basi anaitaka? Rafiki yake mmoja anasema anataka karatasi. Mara mbili alikosa kufika kazini kurekodi kwa sababu alikuwa chini, na mara zote mbili ikasambazwa kwamba alikuwa amelewa. Anataka siku nyingine akikosa awe na kitu chenye muhuri, si sauti yake peke yake ikisema samahani. Sheria ya kazi ya 2007 inamkataza mwajiri kumbagua mtu kwa sababu ya ulemavu, lakini ni ngumu kuidai ikiwa hakuna karatasi yoyote inayoonyesha kwamba ulemavu upo.

Kuna mwingine ambaye habari yake haikufika mtandaoni. Alikuwa mtangazaji wa redio, sauti ya asubuhi, na watu wakamzoea kwenye matatu wakienda kazini. Naye alikwenda kutafuta kupimwa. Alikwenda amevaa suti, amenyoa, amepanga karatasi zake zote kwa tarehe, kwa sababu ndivyo mama yake alivyomfundisha kwenda ofisi za watu. Mtu wa mapokezi akamwangalia juu mpaka chini. "Kijana, unaongea vizuri hivi, ulemavu wako uko wapi?" Hakumtukana. Pengine aliona anamsifu. Kijana akasema asante, akatoka, na mpaka leo hajarudi.

Tangu siku hiyo wenzake hupeana ushauri wa ajabu. Usinyoe. Usipake mafuta. Usijibu haraka. Kama una siku nzuri, ahirisha. Hebu fikiria, mtu anayejikaza miaka yote asionekane mgonjwa sasa anafanya mazoezi ya kuonekana mgonjwa, na akionekana mgonjwa sana mashabiki watasema anaigiza! Mkono uliokatika haumwombi mwenyewe auigize.

Wanaodanganya wapo, hilo halibishaniwi. Palipo na msamaha wa kodi hapakosi mjanja, na mjanja akikamatwa ashtakiwe. Lakini mjanja mwenye akili timamu angechagua kitu kingine. Angesema mgongo. Kusema una ugonjwa wa akili katika mji huu ni kujifungia milango kwa mkono wako. Huyu mchekeshaji alikuwa na tangazo la biashara lililokuwa limekaribia kusainiwa. Tangu picha isambae, simu zake hazipokelewi. Hiyo ndiyo faida aliyoipata hadi sasa.

Na haya yana historia. Hospitali ya Mathari iko Barabara ya Thika tangu 1910, na kwa muda mrefu jina lake limekuwa tusi la shuleni: umetoroka Mathari, rudi Mathari. Kusema kweli, huyu huyu mchekeshaji alipata jina kwa mzaha wa aina hiyo. Video zake za mwanzo zina mhusika anayevaa viatu viwili tofauti na kuongea na mlingoti wa stima, na watu walicheka mpaka machozi. Ameshazifuta, lakini mtandao hausahau, na sasa anarushiwa hizo hizo. Kuna haki kidogo katika hilo, tusifichane. Pia kuna jambo la kutisha, kwa sababu alipokuwa akirekodi mzaha ule, kwa hesabu ya rafiki yake, alikuwa tayari amelazwa mara moja na hakumwambia mtu.

Wanaouliza kwa nini hakusema mapema waangalie sheria ilivyokuwa. Mpaka Januari 2025, kujaribu kujiua kulikuwa kosa la jinai Kenya, kifungu cha 226 cha kanuni ya adhabu, na adhabu yake ilifika miaka miwili jela. Mahakama Kuu ndiyo iliyosema kifungu hicho kinakwenda kinyume na Katiba. Mtu aliyeishi chini ya sheria kama hiyo, akiwa amepitia usiku mbaya, hakimbilii dirisha la serikali kueleza kila kitu kilichompata. Kikosi kazi kilichoundwa na serikali kilipendekeza tangu 2020 kwamba afya ya akili itangazwe janga la kitaifa. Sheria ya afya ya akili ikarekebishwa 2022, na 2025 ikaja sheria mpya ya watu wenye ulemavu. Karatasi zinaendelea kuwa nzuri. Benchi la hospitali ni lile lile, na sasa lina watu wenye kamera.

Ndiyo maana yule aliyepiga picha amefanya kitu kibaya kuliko anavyodhani. Si mchekeshaji peke yake aliyeaibishwa. Kila mtu aliyekuwa na nia ya kwenda kukaa kwenye benchi hilo wiki ijayo ameiona picha, amesoma yaliyoandikwa chini yake, na amejua atakachoitwa. Wengine hawana jina la kuharibiwa, ni mhudumu wa duka, ni mwanafunzi wa chuo, ni mwalimu. Hawatakwenda, na hakuna atakayewahesabu.

Mchekeshaji mwenyewe alikuwa na siku ya kurudi kumwona daktari wa magonjwa ya akili, kwa sababu siku ya picha daktari hakuwepo. Hakwenda. Mama yake ndiye aliyefunga leso akapanda matatu mbili kwenda kuomba siku nyingine. Kule akaambiwa, "Mama, lazima mgonjwa mwenyewe aje."

Mama akajibu, "Mwanangu, mgonjwa mwenyewe yuko kwenye simu za watu wote. Ndiyo sababu hatoki nyumbani."

Wakampa Jumanne, asubuhi mapema, kabla foleni haijawa ndefu. Wanasema atakwenda na kofia, na mama atakaa upande wa wenye simu.