Bidii Isiyolipwa Shambani

Kila tunapojadili kwa nini mashamba ya Uganda hayazai inavyopasa, lawama humwangukia mkulima: hana elimu, ameng'ang'ania jembe la mkono, hataki mbolea. Leo naomba tulitazame soko analouzia. Ninaamini kuwa mavuno hafifu na biashara isiyo rasmi ni pacha. Hatuwezi kumtibu mmoja tukampuuza mwenzake.

Tuchukue mfano wa mahindi. Ya msimu wa kwanza huvunwa takriban kati ya Juni na Agosti, na muhula wa tatu wa shule huanza Septemba. Mzazi anahitaji karo. Mnunuzi humfuata hadi uani, akiwa na fedha taslimu na mizani yake mwenyewe. Hatoi risiti wala hapimi unyevu. Mahindi yaliyoanikwa juu ya turubai yakakauka, na yale yaliyotandazwa udongoni yakiwa bado na maji, hununuliwa kwa bei moja na kuchanganywa. Tena aliyekausha ndiye anayepata hasara, kwa maana mahindi makavu ni mepesi mizanini.

Kwa nini basi akaushe? Kwa nini agharamie mbegu chotara, ilhali utafiti mmoja uliochapishwa mwaka 2017 ulikadiria kwamba katika mbegu za aina hiyo zilizouzwa rejareja nchini, zilizo halisi hazikufika nusu? Mkulima anayesita si mjinga, amepiga hesabu. Mwanafunzi naye akiona insha nzuri na mbovu zinapewa alama sawa, huacha kujitahidi.

Gharama ya hali hii tuliionja Machi 2021, Kenya ilipopiga marufuku mahindi kutoka Uganda na Tanzania kwa sababu ya sumukuvu. Siku chache baadaye marufuku ililegezwa kwa masharti: waagizaji wasajiliwe, na shehena ziwe na cheti kinachothibitisha kuwa sumu hiyo haizidi sehemu 10 kwa bilioni. Biashara isiyo na karatasi haina cheti. Mzembe na mwenye bidii waliadhibiwa pamoja, kwa kuwa hakuna aliyeweza kuonyesha mahindi yapi ni ya nani.

Wapo watakaosema dawa ni kuwafukuza walanguzi. Sikubaliani nao. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: mlanguzi ndiye anayefika kijijini barabara ikiwa mbovu, naye hulipa siku hiyo hiyo. Vyama vingi vya ushirika vilivyokuwa vikikusanya mazao vilidhoofika, na soko huria la miaka ya 1990 halikuacha mbadala karibu na mkulima mdogo. Tukimfukuza leo, kesho mahindi yataozea ghalani.

Tangu mwaka 2022, kupitia Mpango wa Maendeleo ya Parishi, serikali imekuwa ikizikopesha kaya shilingi milioni 1. Nia ni njema. Lakini fedha hizo zikiongeza magunia yatakayouzwa kwa mizani ile ile na bei ile ile, tutakuwa tumeongeza jasho bila kuongeza kipato. Sheria ya stakabadhi ghalani tunayo tangu mwaka 2006: mkulima huhifadhi nafaka iliyopimwa, akapewa hati anayoweza kuitumia kukopea. Kwa mwenye magunia matano, hata hivyo, ghala lililo mbali ni sawa na ghala lisilokuwepo.

Napendekeza mambo matatu. Kwanza, kila parishi iwe na mizani iliyokaguliwa na kipima unyevu, vitumiwe hadharani. Pili, wanunuzi wasajiliwe karibu na wanakofanyia kazi, kwa ada ndogo na bila kuzungushwa, ili usajili uwe na faida kwao kuliko kujificha. Tatu, bei mbili zitangazwe wazi: ya mahindi makavu na ya mabichi.

Hayo hayahitaji sheria mpya. Yanahitaji raia wanaouliza. Mkutano ujao wa bajeti utakapoitishwa katika kaunti ndogo yako, usiishie kuuliza nani amepata mkopo na nani amenyimwa. Uliza pia mizani ya parishi iko wapi, na nani aliikagua mara ya mwisho.