Mgonjwa wa kisukari asiache sindano siku ya homa

Mwaka 2011 barabara ya vumbi iendayo Samunge, jirani na Digodigo wilayani Ngorongoro, ilifurika magari na watu wa kila tabaka. Walikuwa wakienda kunywa kikombe cha Mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapila kwa shilingi 500, na kisukari kilitajwa miongoni mwa maradhi ambayo yangepona. Mzee huyo alifariki dunia Julai 2021 na misururu ile imekwisha. Kisukari kingalipo, na fikra kwamba dawa ya kila siku yaweza kuwekwa kando nayo ingalipo.

Fikra hiyo huwa ya hatari zaidi siku ambayo mwenye kisukari anashikwa na maradhi mengine, kama vile malaria, kuhara au kichomi. Hapo jamaa, kwa nia njema kabisa, husema: "Hajala kitu, basi asichome sindano." Hesabu hiyo yaonekana sahihi, lakini sivyo mwili ufanyavyo kazi. Mwili unaopambana na homa hutoa homoni zinazolifanya ini limwage sukari katika damu, hata tumbo likiwa tupu. Kwa yule ambaye mwili wake hautengenezi insulini, kukosa sindano kwa siku moja tu kwaweza kujaza asidi katika damu. Atatapika, tumbo litamwuma, atahema kwa nguvu, na pumzi yake itanukia kama matunda yaliyoiva mno. Dalili hizo hazingojewi mpaka asubuhi.

Insulini haiachwi, kinachoweza kubadilishwa ni kipimo chake, kwa maelekezo ya mganga. Sukari ipimwe kila baada ya saa chache, usiku na mchana. Maji yanywewe kidogo kidogo bila kukoma, na asiyeweza kula anywe uji mwepesi. Vidonge ni habari nyingine: metformini mara nyingi husimamishwa kwa muda mgonjwa anapotapika au kuharisha hadi kuishiwa maji. Anayemeza vidonge aulize mapema, akiwa mzima.

Hayo ni mepesi kuyaandika mezani. Huko Digodigo kupima kwahitaji mashine na vijiti vyake, na insulini yahitaji ubaridi, ingawa chungu chenye unyevu kilichowekwa kivulini husaidia sana pasipo na jokofu. Hospitali ya Wasso si ya kuikimbilia kwa miguu usiku, sembuse wakati wa masika.

Kwa hiyo kazi hii si ya mgonjwa peke yake. Wabatemi wana wenamiji, wazee ambao kwa vizazi vingi wamegawa maji ya mifereji kwa zamu. Jamii yenye utaratibu wa namna hiyo haiwezi kushindwa kujua ni nyumba zipi zenye wagonjwa wa kisukari, na ni nani mwenye pikipiki wa kuamshwa usiku. Nao wenye dhamana ya afya wilayani wahakikishe kwamba vijiti vya kupimia vimefika zahanati kabla mvua hazijaanza, na kwamba maelekezo ya siku za homa yameandikwa katika kadi ya kila mgonjwa, kwa Kiswahili.